Mabavu, mamlaka na mkutano wa Tabora wa 1958

Nikifundisha falsafa ya siasa hapa Tabora, wanafunzi wengi huanza upande wa Thomas Hobbes. Mwaka 1651 aliandika kwamba watu wasio na mtawala wa kumhofia wataishia kuuana, basi heri wamkabidhi mamlaka yote wakae salama. Max Weber naye, mwaka 1919, akasema dola ni chombo kinachodai kuwa ndicho pekee chenye haki ya kutumia mabavu ndani ya mipaka yake. Ukisimama mbele ya Boma la Wajerumani hapa mjini, Weber anaeleweka bila mwalimu, hasa ukikumbuka Mtemi Isike aliyelipua baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipomzidi.

Mimi niko na mwanafalsafa Hannah Arendt. Kwake, mamlaka na mabavu ni vitu vinavyopingana: mamlaka huzaliwa pale watu wanapokubaliana na kutenda pamoja. Bunduki inaweza kuwatiisha watu, ila ridhaa yao haiipati.

Ushahidi wangu ni mkutano wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, uliofanyika mjini hapa Januari 1958. Wakoloni walikuwa wameleta kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena kwa masharti ya kipato, elimu au wadhifa yaliyowaacha nje Waafrika wengi mno. Wajumbe wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akakataa, akaondoka kuanzisha chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.

Sasa mrina asali wa Sikonge, asiye na sifa ya kupiga kura, alishiriki wapi? Alishiriki kwa kukata kadi ya chama na kwenda mikutanoni. Wapiga kura walikuwa wachache, lakini nyuma yao ulisimama umma uliokwisha kukubaliana, na gavana alilijua hilo.

Frantz Fanon, mwandishi aliyetetea mabavu kama njia ya kuung'oa ukoloni, asingekubali. Aliiona Algeria, ambako walowezi na jeshi la Ufaransa waliziba kila mlango, na huko nadhani alikuwa sahihi. Alifariki tarehe 6 Desemba 1961, siku tatu kabla ya Uhuru wetu.

Kinachonisumbua ni mwaka 1965, tulipofanya chama kuwa kimoja kisheria. Kura ziliendelea kupigwa, hata kati ya wagombea wawili wa chama hichohicho, lakini Mtemvu mwingine asingekuwa na pa kwenda.