Uzembe wa daktari wa meno: maana yake kisheria

Kwa Kiswahili cha kila siku, mzembe ni mtu asiyejali kazi: kaachiwa mlango alinde, kalala. Ndiyo maana ukimwambia mgonjwa kwamba huenda daktari wake wa meno alifanya uzembe, atakujibu, "La, mbona alihangaika na jino langu saa nzima, jasho lamtiririka!" Mahakamani neno hili lina maana nyingine. Daktari aweza kuwa mpole, mwenye huruma na mwenye bidii, na bado kisheria akawa mzembe. Kinachoulizwa ni je, alichofanya ndicho ambacho daktari wa meno mwenye ujuzi wa kawaida angekifanya mbele ya jino lile?

Kipimo hicho kilitoka katika kesi ya Bolam, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957, na mahakama za Kenya zimekuwa zikikitumia. Mgonjwa hana budi kuthibitisha mambo yaliyoshikana kama pete za mnyororo. Daktari alikuwa na wajibu wa kumwangalia (hili jepesi, kwani ukishaketi kwenye kiti chake wajibu umeanza). Alishuka chini ya kiwango. Mgonjwa akadhurika. Na madhara yale yametokana na kosa lile, wala si na jambo jingine. Pete hii ya mwisho ndiyo ngumu.

Nichukue mfano wa jirani yangu, bi mkubwa mmoja hapa Majengo, aliyeng'olewa gego la mwisho la chini katika kliniki ya binafsi. Ganzi ya sindano huisha baada ya saa chache. Yake haikuisha. Wiki ya sita nilimkuta barazani akinywa kahawa, tone lateremka kidevuni naye hana habari, mpaka mjukuu wake akamwambia, "Bibi, pangusa."

Ndani ya mfupa wa taya, chini ya magego ya chini, hupita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Mizizi ya gego la mwisho yaweza kuwa karibu nao mno, na mshipa ukaumia hata mikononi mwa daktari hodari. Kwa hiyo kidevu kufa ganzi, peke yake, hakuthibitishi uzembe. Mambo ya kuchunguzwa ni kama alipigwa picha ya eksirei kabla ya kung'olewa, kama picha ilionyesha mizizi iko karibu na mshipa, na kama aliambiwa hatari hiyo akakubali akiijua. Yeye asema alipewa karatasi akatia sahihi huku mdomo umeshakufa ganzi. Hilo ni zito. Sheria ya Afya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Na sahihi ile ya ridhaa ni kukubali kutibiwa, si kukubali kutibiwa vibaya.

Yako makosa yasiyohitaji maelezo marefu. Jino bovu liko kushoto, limeng'olewa zima la kulia: hapo jambo lenyewe lasema, na daktari ndiye mwenye kazi ya kujieleza. Kwa upande mwingine, maumivu makali siku ya tatu kwa kuwa donge la damu limetoka kwenye shimo la jino ni jambo linalotokea bila kosa la mtu. Lakini mgonjwa huyo akirudi na uvimbe na homa, akaambiwa aende nyumbani pasipo kufunguliwa hata kinywa, mambo yamegeuka.

Kabla ya kwenda popote, tafuta faili. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinakupa haki ya kuomba nakala ya maandishi na picha zako. Omba kwa barua, si kwa mdomo. Kisha mwone daktari mwingine wa meno akuangalie na aandike ripoti, maana hakimu si daktari; bila mtaalamu wa kumweleza, kesi haina miguu.

Baada ya hapo, malalamiko waweza kuyapeleka kwenye Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lililoundwa chini ya Sura ya 253 ya sheria za Kenya. Baraza hushughulika na mwenendo wa daktari na leseni yake: laweza kumuonya, kumsimamisha kazi au kumfuta kwenye orodha. Watu wengine huishia hapo wakidhani pesa zitafuata. Ukitaka fidia na msipatane, njia ni mahakama. Hakimu mkuu aweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20; yakizidi, ni Mahakama Kuu. Fidia ya maumivu na mateso hukadiriwa na mahakama, lakini gharama ulizotoa lazima uzithibitishe moja moja, kwa hiyo usiifute ile meseji ya M-Pesa ya kulipia kliniki. Na wakili akikuambia atajilipa kwa asilimia ya fidia mkishinda, jihadhari: Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya namna hiyo.

Saa nayo yakimbia. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na mahakama huongeza muda kwa sababu chache tu, kama vile mgonjwa kutoweza kulijua jambo la msingi mapema. Madai dhidi ya serikali muda wake ni miezi 12 tu, kwa hiyo aliyeumizwa katika hospitali ya umma asihesabu kwa miaka.

Bi mkubwa sasa ni mwezi wa saba tangu ang'olewe gego. Barua ya kuomba faili aliiandika mjukuu, kliniki ikaigonga muhuri wa kuipokea, na nakala yake imo kwenye bahasha moja na risiti.