Acheni kulipima wingu kwa rangi

"Mwanangu, lile jeupe halina neno, linaloleta mvua ni jeusi." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, mwaloni Igombe, hapa Mwanza, na mama aliyekuwa anaanika dagaa. Ilikuwa saa moja asubuhi. Kaskazini-magharibi, juu ya Ziwa Victoria, kulikuwa kumesimama kumulonimbasi, yaani wingu refu la ngurumo, lililokomaa, kichwa kimeshatandaa. Kabla ya saa tatu dagaa wote walikuwa wameloa, na dagaa akinyeshewa hang'ai tena, bei yake inakuwa ya chakula cha kuku.

Imani hii naikuta kwa wavuvi, kwa abiria wa mitumbwi ya visiwani, hata kwa watu waliosoma jiografia hadi kidato cha sita. Nimechoka nayo, kwa sababu inagharimu mali na roho za watu.

Rangi ya wingu inakwambia mambo mawili tu: wingu lina unene kiasi gani, na jua liko upande gani wa wingu hilo ukilinganisha na wewe. Asubuhi, ukisimama ufukwe wa Mwanza ukatazama ziwani, jua liko mgongoni mwako. Mwanga wake unalipiga wingu usoni, na hata lenye tufani ndani yake litakuwa jeupe pe. Jioni mambo yanageuka. Jua linashukia upande wa Sengerema, nyuma ya mawingu, na vimawingu visivyo na tone la maji vinaonekana vyeusi. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kuanua nguo. Aliye chini ya lile jeupe la asubuhi, akiinua uso, anaona kitako cheusi tii. Wingu ni hilohilo moja.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limegawa mawingu katika aina kuu 10. Sitazipitia zote. Stratasi na stratokumulasi, mawingu ya chini yaliyotandaa, za asubuhi ya kiangazi hutanda kijivu, zinatisha, kisha saa nne zimeyeyuka. Sirasi ni barafu ya juu sana, haikunyeshei. Katika taarifa za hali ya hewa tunazoandika kwa ajili ya marubani, mawingu yanayotajwa kwa aina ni mawili tu: kumulasi kubwa inayopanda na kumulonimbasi. Mvuvi naye angeyajua hayo mawili, angekuwa amepiga hatua kubwa.

Kinachoyatenganisha ni kichwa. Kumulasi inayopanda ina kingo kali, zilizofura kama mapovu ya sabuni. Ikivuka kimo chenye joto la nyuzi 0 za Selsiasi, ambacho kwetu ni kama kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, bado ni matone ya maji, na kingo zinabaki kali. Endelea kuitazama. Sehemu moja ya kichwa itaanza kufifia, ile kingo inakuwa laini, kisha nyuzinyuzi zinatokea. Hapo matone yanaganda na wingu limekuwa kumulonimbasi, ingawa weupe wake haujabadilika hata kidogo. Kichwa kikitandaa bapa, limegonga dari ya anga na limeshakomaa. Badiliko hili laweza kuchukua dakika chache tu.

Vitabu vinaliandika jambo hili kana kwamba kuna mstari uliochorwa. Haupo. Waangalizi wawili wazoefu wakisimama kituo kimoja, mmoja ataandika kumulasi kubwa na mwenzake kumulonimbasi, na sioni wa kulaumiwa. Usiku ndiyo kabisa: unategemea mwanga wa radi na nyota zilizofichika. Rada ya hapa Mwanza inasaidia kwa sababu inayaona matone hata gizani.

Na usiku ndio wakati wa ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani, na mawingu yanajengeka Magu, Misungwi na Kwimba huku juu ya ziwa kukiwa kweupe. Usiku nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko na kupanda juu. Ngurumo za ziwani hushika kasi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao.

Kinachopindua mtumbwi mara nyingi hutangulia mvua. Mvua inaposhuka inaburuta hewa baridi, nayo ikifika majini inatawanyika kwa nguvu, kilomita kadhaa mbele ya wingu. Ukihisi ubaridi wa ghafla kutoka upande wa wingu, usisubiri kuona tone.

Katika masika naweza kukwambia bila wasiwasi kwamba usiku kutakuwa na ngurumo mahali fulani ziwani. Kama ni kisiwa cha Ukara au cha Goziba, saa nane au saa kumi na moja, hapo uhakika wangu unashuka sana. Hewa baridi iliyoachwa na mvua ya jana jioni huko bara yaweza kufika ziwani na kuamsha wingu pasipotarajiwa. Ndiyo maana utabiri unasema "maeneo machache". Nyegezi ikibaki kavu huku Kayenze maji yanapita barabarani, utabiri huo umetimia.