Wahindi wa Moshi hawakuletwa na reli
Ukipita kwenye maduka ya zamani katikati ya Moshi, utasikia: "Hawa ni wajukuu wa vibarua wa reli." Kwa wengi wao si kweli, na kosa hili linafuta karne nzima ya biashara. Vibarua wa mkataba, kama 32,000, waliletwa na Waingereza kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896–1901. Wengi walirudi kwao. Walibaki kama 6,700. Reli ya Tanga ni nyingine: Wajerumani waliianza 1893, ikafika Moshi 1911. Wafanyabiashara wa Gujarat, magharibi mwa India, walikuwa Unguja zamani, wakija na majahazi ya kaskazi. Mmoja wao, Jairam Shivji, alikodi kwa Seyyid Said, sultani wa Unguja, haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Reli ya Tanga iliwapandishia wafanyabiashara hao bidhaa bara tu.