Kant hakuwa saa ya ukutani

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha insha, na ya saba muhula huu ikaanza na maneno yale yale: mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant hakuwahi kutoka nje ya mji wake, na majirani walirekebisha saa zao kila alipopita. Simlaumu mwanafunzi. Tangu sherehe za miaka 300 ya kuzaliwa kwake, mwaka 2024, kisa hicho kimesambaa upya kila mahali, na mtu anayeanza kusoma falsafa hukutana nacho kabla hajafungua ukurasa mmoja wa Kant mwenyewe. Nimekijibu kwa mdomo miaka nenda miaka rudi. Leo nakijibu kwa maandishi.

Kwanza mji, maana wengi hata huo hawaujui. Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 mjini Königsberg, Prussia Mashariki, mtoto wa fundi wa ngozi aliyetengeneza hatamu na lijamu za farasi. Mji huo ulipigwa mabomu na ndege za Uingereza Agosti 1944, ukachukuliwa na jeshi la Kisovieti 1945, na mwaka uliofuata ukapewa jina la Kaliningrad. Wajerumani waliobaki wakaondolewa, wakaletwa watu wengine. Kwa hiyo wanaomsherehekea Kant pale leo ni Warusi ambao babu zao hawakuwa na uhusiano wowote naye, na bado wamemshika. Chuo kikuu chao kina jina lake tangu 2005. Kaburi lake liko ubavuni mwa kanisa kuu, kwenye kisiwa katikati ya mto, chini ya nguzo zilizosanifiwa na Friedrich Lahrs kwa ajili ya miaka 200, mwaka 1924, na maharusi huenda kuweka maua hapo. Mtaa mzima uliolizunguka kanisa ulikwisha. Kaburi likabaki.

Sherehe za 2024 zenyewe ziligawanyika. Kongamano la kimataifa la wataalamu wa Kant lilikuwa lifanyike Kaliningrad. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022 likahamishiwa Bonn, Ujerumani, na Kaliningrad ikafanya kongamano lake Aprili. Bonn walikuwa tayari na maonyesho makubwa tangu Novemba 2023. Miezi miwili kabla ya siku yenyewe, Anton Alikhanov, gavana wa mkoa wa Kaliningrad wakati ule, alisema hadharani kwamba Kant ana sehemu ya lawama katika vurugu za dunia na vita vya Ukraine. Mtu aliyeandika mwaka 1795 kwamba hakuna dola yenye haki ya kuingilia kwa nguvu katiba na utawala wa dola nyingine! Nilisoma habari ile mara tatu.

Sasa hilo la kutotoka mjini. Si kweli, na halihitaji maneno mengi. Akiwa kijana aliishi nje ya mji karibu miaka sita akifundisha watoto wa watu majumbani: kwanza kwa mchungaji wa Judtschen, kijiji kilichoko mashariki ya mji, kisha kwa familia ya mwenye ardhi huko Groß-Arnsdorf, ambako leo ni Poland. Ukitaka kusema hakuwahi kutoka Prussia Mashariki, sema hivyo na utakuwa sahihi. Jimbo zima si mji mmoja.

Hili la saa ndilo linaloniuma.

Picha ambayo watu wanayo kichwani ni ya mzee mwenye koti la kijivu na fimbo, anatoka mlangoni saa tisa na nusu alasiri kamili, anapanda na kushuka njia ya miti mara nane, peke yake, na mtumishi Lampe anafuata nyuma na mwavuli endapo mawingu yametanda. Picha hiyo aliichora kwa maneno mshairi Heinrich Heine katika miaka ya 1830. Heine alizaliwa 1797 huko Düsseldorf, upande wa pili kabisa wa nchi za Wajerumani. Kant alipofariki, Februari 1804, Heine alikuwa mtoto wa miaka sita. Hakumwona, hakumsikia. Aliandika kwa ufundi mkubwa, akasema Kant hakuwa na maisha wala historia, na dunia ikampokea kana kwamba alikuwa amesimama dirishani akihesabu hatua.

Aliyekuwepo anasimulia jambo jingine. Reinhold Bernhard Jachmann alikuwa mwanafunzi wa Kant, na mwaka 1804 alichapisha kumbukumbu zake. Humo ndimo ilimo saa, na nawaomba muisome taratibu. Kant alikuwa na rafiki wa damu, Joseph Green, Mwingereza, mfanyabiashara aliyeishi mjini hapo. Alasiri Kant alikwenda kwa Green. Alimkuta amelala kwenye kiti chake. Hakumwamsha, alivuta kiti kingine, akakaa kando yake, mawazo yakamchukua, naye usingizi ukampitia. Baadaye aliingia Ruffmann, mkurugenzi wa benki, akafanya vile vile. Wazee watatu wamelala chumba kimoja. Kisha kwa saa waliyozoea aliingia Motherby, mshirika wa Green katika biashara, akawaamsha wote, na mazungumzo yakaanza. Yalikwenda hadi saa moja jioni. Hapo waliachana, bila kuchelewa, kiasi kwamba Jachmann anasema alisikia mara nyingi watu wa mtaa ule wakisema: haiwezi kuwa saa moja, Profesa Kant hajapita.

Basi, saa ndiyo hiyo. Waliokuwa wakiitumia ni watu waliomwona akirudi kutoka kwa rafiki yake, amelala hapo, ameamshwa hapo, amebishana hapo mpaka giza. Ondoa Green kwenye kisa, na unabaki na mashine inayotembea.

Wala utaratibu wenyewe haukuwa wa Kant tangu mwanzo. Kant wa umri wa miaka thelathini na kitu, mhadhiri asiye na mshahara wa chuo anayeishi kwa ada za wanafunzi, alicheza karata na biliadi, alivaa makoti yenye utepe wa dhahabu, na alialikwa majumbani hadi usiku. Mtu wa saa alikuwa Green. Jachmann anatoa mfano. Jioni moja Kant alimwahidi Green kwamba kesho yake saa mbili asubuhi watatoka pamoja kwa gari la farasi. Saa mbili kasorobo Green alikuwa anazunguka chumbani, saa mkononi. Saa mbili kasoro dakika kumi akavaa kofia. Kasoro dakika tano akachukua fimbo. Kengele ya kwanza ya saa mbili ilipogonga, akapanda gari akaondoka. Njiani akakutana na Kant, amechelewa kama dakika mbili, anakuja mbio. Green hakusimama. Walikubaliana saa mbili, na saa mbili ilikuwa imepita.

Aliyechelewa pale ni Kant. Nawaomba wote walioandaa mabango ya miaka 300 wakumbuke picha hiyo: Kant barabarani akipunga mkono, gari linapita. Katika wasifu wake wa mwaka 2001, Manfred Kuehn anaonyesha jinsi urafiki huo ulivyombadilisha, hatua kwa hatua, kutoka kijana wa karamu hadi mtu wa kanuni. Kulikuwa na sababu ya mwili pia. Kant alikuwa na kifua chembamba, bapa, na alijitunza kwa mpangilio kwa sababu aliogopa maradhi. Kwenye matembezi ya uzeeni alipenda kwenda peke yake ili apumue kwa pua bila kulazimika kusema.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya kufundishia huliruka. Shahidi wangu si mkamilifu. Jachmann alizaliwa 1767, na Green alipofariki mwaka 1786 alikuwa hajatimiza miaka 20. Alichosikia mitaani alikisikia akiwa kijana, akakiandika miaka mingi baadaye, akiwa na majonzi na mapenzi makubwa kwa mwalimu wake. Na kuna mahali anakosea waziwazi. Anasimulia kwamba Kant na Green walifahamiana kwa ugomvi, bustanini, juu ya vita vya makoloni ya Marekani dhidi ya Uingereza. Vita hivyo vilianza 1775, na barua za watu wa mji zinaonyesha wawili hao walikuwa marafiki tangu miaka ya 1760. Pengine ugomvi ulihusu kodi ya stempu ambayo Uingereza iliyatoza makoloni hayo mwaka 1765, kama Kuehn anavyopendekeza. Kwa hiyo ninaposema Jachmann ni bora kuliko Heine, nasema alikuwepo, basi. Kisa cha viti vitatu nakiamini kwa sababu ni kidogo na hakimjengei mtu sifa yoyote. Siwezi kukithibitisha zaidi ya hapo.

Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu picha ya mashine inaharibu namna watu wanavyomsoma. Jachmann anasema Kant alimhakikishia kwamba hakuandika sentensi hata moja ya kitabu chake kikubwa cha 1781, Uhakiki wa Akili Safi, bila kwanza kumsomea Green, ambaye hakuwa mwanafalsafa wa kazi. Hata kama tumechuja chumvi iliyotiwa, kinachobaki ni kizito: akili safi ilipimwa sebuleni kwa mfanyabiashara. Uzeeni, katika nyumba yake mwenyewe aliyoipata karibu na umri wa miaka 60, alikula mlo mmoja kwa siku na hakupenda kuula peke yake. Wageni wasipungue watatu, wasizidi tisa. Baada ya kifo chake marafiki waliendelea kukutana kila tarehe 22 Aprili, na mwaka 1814 mwanaastronomia Bessel akapendekeza wafiche haragwe la fedha kwenye keki. Anayelipata ndiye mfalme wa mwaka, na mwaka unaofuata atatoa hotuba. Kati ya kumbukumbu zote za Kant, hiyo naipenda kuliko sanamu yoyote, maana inamrudisha mezani.

Mashine pia haiwezi kuulizwa swali, na kuna swali ambalo wanafunzi wetu wana haki ya kumuuliza. Kant alifundisha jiografia miaka 40 akitegemea vitabu vya wasafiri, na mwaka 1764 aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika ambayo siwezi kuyasoma darasani bila sauti kubadilika. Mwaka 1795 huyo huyo alilaani ukatili wa Wazungu katika nchi za watu na utumwa wa visiwa vya sukari. Wapo wanaosema alibadili mawazo, mtaalamu wa Kant Pauline Kleingeld akiwa mmoja wao, na wapo wanaokataa. Mimi nimeyumba kati ya pande hizo zaidi ya mara moja, na mwaka huu naegemea kwamba alibadilika kuhusu ukoloni zaidi ya alivyobadilika kuhusu rangi. Mwanafunzi akinibishia, nafurahi. Ila nataka abishane na mtu, aliyeona, aliyekosea, aliyekuwa na marafiki.

Nirudi kwa Green, nimalizie insha zilizobaki. Jachmann anasema Green alipofariki, Kant aliacha kabisa kwenda kwenye mikusanyiko ya jioni, na chakula cha usiku akakiacha pia. Aliishi miaka 17 zaidi. Saa zile alizokuwa akikaa kwa rafiki yake hakumpa mtu mwingine.