Dhana potofu kuhusu kurivaizi Kingereza, lugha na fasihi, na ukweli wake

Kila mitihani ikikaribia naona kitu kilekile, mwanafunzi kajifungia na riwaya anaisoma upya kuanzia ukurasa wa kwanza, kalamu ya njano mkononi, masaa matatu yanaisha hivo, alafu ukimuuliza mhusika mkuu alianza kubadilika wapi na umejuaje anabaki anakuangalia tu. Na sio mvivu huyo, anajituma kweli, ila ameaminishwa vitu ambavyo havipo. Nimekaa na vijana wengi wa sekondari wakijiandaa na pepa za Kingereza na hizi ndo dhana ninazokutana nazo mara kwa mara.

Eti ukikisoma kitabu mara nyingi kitakaa kichwani

Hii ndo mama wa zote kwahiyo naikalia kidogo. Ukisoma kitu mara ya tatu kinateleza, macho yanakitambua, unajiona unakijua. Lakini kukitambua ukikiona na kukitoa mwenyewe kichwani bila kitabu ni vitu viwili, na kwenye chumba cha mtihani unadaiwa hicho cha pili. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lao, wanafunzi wa chuo walipewa kifungu, kundi moja likakisoma vipindi vinne mfululizo, kundi lingine likasoma kipindi kimoja tu alafu vipindi vitatu vilivyobaki likawa linaandika kila linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma tu ndo waliongoza, walikumbuka kama 83% na wenzao 71%. Wiki moja baadaye mambo yakageuka, waliosoma tu walibaki na kama 40%, waliojijaribu 61%. Sasa unaona kwanini mwanafunzi anaenda kulala anajiamini, usiku ule ni kweli anakumbuka, tatizo mtihani hauko usiku ule.

Kwahiyo akishasoma sura moja afunge kitabu, achukue karatasi tupu aandike nani kafanya nini, maneno gani yametumika, kwanini tukio limewekwa pale na sio mwanzoni. Alafu afungue kitabu ajaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Hayo ya rangi nyingine ndo kazi ya kesho, yaliyobaki anayajua tayari. Siku za kwanza inakatisha tamaa sana maana karatasi inabaki nusu nyeupe, na wewe unayemsaidia hapo ndo usimruhusu akimbilie kitabu, mpe dakika mbili tatu zaidi ahangaike nalo, huko kuhangaika ndo kunakojenga.

Kuhailaiti, yaani kupaka maneno rangi kwa ile kalamu ya njano, naiweka hapohapo. Mwaka 2013 mtafiti John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kusomea, kuhailaiti na kusoma upya zikaangukia kundi la chini, kujijaribu na kutawanya vipindi vya kusoma kwenye siku tofauti zikawa juu kabisa.

Eti pepa ya lugha hairivaiziki, Kingereza unakijua au hukijui

Hii inaniumiza maana inamfanya mtoto aikate tamaa pepa nzima. Ni kweli kifungu cha ufahamu kitakuwa kigeni, lakini maswali sio mageni, yanajirudia mwaka hadi mwaka na yanasema wazi yanataka nini. "List" wanataka utaje tu, hawataki maelezo. "Compare" ukizungumzia kifungu kimoja peke yake umejikata maksi mwenyewe. "How does the writer" wanataka maneno ya mwandishi na kazi yanayofanya, sio usimulie hadithi upya. Chukua pastpepa tano, vifungu viweke pembeni, soma maswali tu na kila swali mwanafunzi aseme kwa mdomo analazimika kutoa nini. Nusu saa tu.

Na taimu nayo inafanyiwa mazoezi. Tuseme pepa ni dakika 90 na maksi 60, hapo kila maksi moja ina dakika moja na nusu, kwahiyo swali la maksi 4 ni dakika 6. Mwanafunzi akikaa kwenye swali hilo dakika 20 kwasababu analiweza vizuri, ile insha ya maksi nyingi mwishoni anaiandika mbiombio na hapo ndo anapofelia, sio Kingereza.

Alafu sarufi. Hakuna haja ya kurudia kitabu kizima cha sarufi, kila mtu ana makosa yake manne matano yanayomfuata kila insha. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili "yeye" yetu haina jinsia, basi mama anaanza aya akiwa "she" anamaliza akiwa "he". "A" na "the" hatuna, tunaziruka. "Its" na "it's" zinawachanganya hata waliozaliwa na lugha hiyo. Achukue insha zake tatu zilizosahihishwa, ahesabu makosa yanayojirudia, ayaandike kwenye kadi moja, na kila insha mpya akiimaliza aipitie akitafuta hayo tu.

Eti maneno makubwa yanaleta maksi

"The author utilises a plethora of devices." Hapo mwanafunzi anajiona kaua, ila sentensi haijasema kitu, haisemi mbinu gani wala kwa ajili ya nini. Msamiati mpana ni mzuri tena unapewa maksi, lakini ni msamiati unaopiga pale pale, mtu kuandika "mutters" badala ya "says" kwasababu mhusika kweli ananung'unika.

Eti kadri unavyotaja tamathali nyingi ndivyo maksi zinavyoongezeka

Hapa naomba nikae tena maana ndo wengi wenye uwezo wanakwama. Wamekariri orodha ndefu, sitiari, tashibiha, tashihisi, takriri, wanaiona kwenye kifungu wanaitaja wanaendelea na safari. Kutaja jina la tamathali ni kama kusema gari lina injini, sawa, inafanya nini sasa?

Tuchukue sentensi nimeitunga mwenyewe, "The city coughed all night." Jibu dhaifu linasema mwandishi katumia tashihisi, yaani kakipa kitu tabia ya mtu, ili msomaji apate picha na aendelee kusoma. Hilo "aendelee kusoma" futa kabisa, linaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote duniani. Jibu zuri linashika neno "coughed". Anayekohoa ni mgonjwa, kifua kimejaa, labda moshi, na kikohozi hukizuii, kinakutoka tu, kwahiyo mji huu unaumwa na haujiwezi. Alafu "all night", muda ambao watu wanapaswa kupumzika, maana yake hakuna nafuu hata gizani. Neno moja na kipande kimoja tayari umepata aya nzima, na hata kama neno tashihisi ungelisahau bado ungepata maksi nzuri tu kwenye swali la athari ya lugha.

Zoezi lake ni jepesi, kila siku sentensi moja, neno moja, maswali matatu, linaleta picha gani, kwanini hili na sio jirani yake, linabadilisha hisia gani. Dakika 10.

Eti ukikariri insha nzima za mfano umemaliza

Insha ya kukariri inajibu swali la mwaka ule, la mwaka huu halijui. Wasahihishaji wanaliona haraka tu, mwanafunzi kaulizwa kuhusu woga yeye anamwaga kuhusu tamaa. Kukariri kuna nafasi yake kama hairuhusiwi kuingia na kitabu, ila kariri nukuu fupi za maneno matatu mpaka sita, na chagua zile zinazojibu maswali mengi, nukuu moja inayogusa woga na madaraka na familia ina faida kuliko tatu ndefu za kitu kimoja. Badala ya kuandika insha sita kamili apange insha sita, kila moja dakika 8, hoja tatu na nukuu zake, alafu moja tu ndo aiandike yote huku akijipima muda.

Kuangalia filamu badala ya kusoma kitabu sina maneno mengi, filamu inakata matukio na inabadilisha miisho, na lugha ya mwandishi ambayo ndo unaulizwa mara nyingi haimo.

Eti Shakespeare aliandika Kingereza cha kale ndo maana hakisomeki

Kingereza cha kale chenyewe kilikuwa kimeshapotea karne nyingi kabla yake, ukikiona hutambui hata sentensi moja. Yeye aliishi 1564 mpaka 1616 na kile ni Kingereza cha mwanzo wa kisasa, maneno mengi bado tunayo, shida ni machache yanayodanganya. "Wherefore" sio wapi, ni kwanini. Kwenye tamthilia ya Romeo and Juliet, Juliet akisema "wherefore art thou Romeo" hamtafuti Romeo amejificha wapi, anauliza kwanini lazima awe Romeo, yaani mtoto wa familia ya maadui. Na "thou" ilikuwa ya mtu mmoja, wa karibu au wa chini yako, "you" ya heshima. Mhusika akihama kutoka moja kwenda nyingine katikati ya mazungumzo kuna kitu kimetokea kati yao, hapo pana hoja ya bure.

Na kwenye mashairi, "I" sio lazima awe mshairi, tunaye nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, andika "the speaker".

Eti mzazi asiyejua Kingereza hawezi kusaidia

Anaweza sana. Mwambie mtoto akusimulie sura ya leo kwa Kiswahili, ukiona anababaika ujue hajaielewa, na kwa Kingereza atababaika zaidi. Shika saa. Shika kadi za nukuu, umtajie mhusika yeye akupe maneno, ulinganishe herufi na kadi hata kama maana huijui, alafu umuulize kwanini mwandishi kachagua neno hilo, na asiporidhika na jibu lake mwenyewe mwache alirudie.