Je, wajua kwa nini Wamarekani wanalichukia Bunge lao ila mbunge wao wanamrudisha kila uchaguzi?

Novemba 2013 Gallup, kampuni ya kupima maoni ya watu, waliwauliza Wamarekani kama wanaridhika na kazi ya Bunge lao, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 9 tu, chini kuliko wakati wowote tangu waanze kuuliza swali hilo miaka ya 1970. Ukisikia hivyo unasema basi hawa uchaguzi ukija wanafagiliwa wote. Haya, mwaka uliofuata wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, waliogombea tena walirudi kama 95 katika kila 100. Inakuwaje?

Aliyelikomalia hilo swali kuliko wote ni profesa anaitwa Richard Fenno, na mpaka leo wasomi wa siasa wanaliita fumbo la Fenno. Alizaliwa 1926, udaktari akaupata Harvard, akaingia Chuo Kikuu cha Rochester mwishoni mwa miaka ya 1950 na akakaa hapohapo zaidi ya miaka 40. Mwanzoni alikuwa mtu wa Washington, anahoji wabunge wa kamati zinazogawa hela za serikali, akatoa na kitabu kinene 1966. Ila kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, kwamba kila kinachoandikwa kuhusu wabunge kimeandikwa kutoka Washington, na wabunge wenyewe kila wikiendi wako kwenye ndege wanarudi kwao, sasa huko kwao wanafanya nini?

Na kumbuka enzi hizo fani nzima ilikuwa inakimbilia namba, madodoso na kompyuta, tena idara yake mwenyewe pale Rochester ndo ilisifika dunia nzima kwa kuchambua siasa kihesabu chini ya William Riker. Fenno yeye akabeba begi. Kati ya 1970 na 1977 aliwafuata wabunge 18 majimboni kwao, jumla siku 110 za kazi, yupo tu nao kwenye gari, kwenye mikutano, kwenye chakula cha jioni cha wazee wa mtaa, anasikiliza mbunge anaongea nini na nani halafu wakiwa wawili anamuuliza vile ilikuwaje. Hana hata dodoso! Mi naona hapo ndo ujasiri wenyewe, maana wenzake wangeweza kumcheka kwamba anatalii.

Kilichotoka ni kitabu cha 1978, Home Style, ambacho hakuna mbunge aliyetajwa jina. Cha kwanza alichokiona, mbunge haoni jimbo moja, anaona duara ndani ya duara. Kuna jimbo zima la kwenye ramani, ndani yake wale anaodhani wanampigia kura, ndani yake tena wale wafuasi sugu wasiomtupa hata iweje, halafu katikati kabisa marafiki wachache wa kumwambia ukweli. Cha pili, akiwa nyumbani sera anaziongelea kidogo kuliko unavyodhani, kazi kubwa ni kuaminika, watu waone huyu ni wa kwetu, anatujua, hatudanganyi, na akishaaminika anapata nafasi ya kupiga kura anavyotaka huko Washington bila kuulizwa kila siku.

Cha tatu ndo jibu la fumbo. Bunge zima linapimwa kwa matatizo ya nchi nzima, bei za vitu, vita, madeni, vitu ambavyo haviishi. Mbunge mmojammoja anapimwa kwa tabia na huduma. Ni mitihani miwili tofauti kabisa, na mbaya zaidi wabunge wenyewe wakirudi kwao wanalisema Bunge vibaya, yaani anakwambia kule kumeoza ila mimi napambana nao, na hakuna hata mmoja kati ya wale 18 aliyekuwa anabeba lawama ya Bunge kama Bunge.

Msomi mwingine wa siasa, Morris Fiorina, naye aliongezea upande wa huduma, 1977, na hii mi naipenda kwa jinsi ilivyo ya kijanja: Bunge linatunga sheria, sheria zinazaa maofisi na makaratasi, raia anakwama, pensheni haijaingia, hati ya kusafiria haitoki, anapiga simu ofisi ya mbunge, inapatikana. Mbunge anashukuriwa kwa kutatua shida ambayo Bunge lake ndo limeileta.

Baadaye Fenno akahamia kwa maseneta, wale wa baraza la pili la Bunge. Mmoja aliyeanza kumfuatilia akiwa kijana anagombea Indiana 1980 alikuwa Dan Quayle, kitabu kinatoka 1989 jamaa ni Makamu wa Rais tayari. Akaandika pia kuhusu wawakilishi weusi kama Barbara Jordan wa Texas. Alifariki 2020 akiwa na miaka 93.

Ila Marekani ya sasa si ile aliyoizungukia. 1984 majimbo ya uchaguzi 190 kati ya 435 yalimpa kura mgombea urais wa chama kimoja na mbunge wa chama kingine, kwa sababu mbunge alikuwa anajulikana kama yeye. 2024 yalikuwa 16. Wabunge bado wanarudi kwa wingi vilevile, lakini siku hizi wengi wanabebwa na chama pamoja na mipaka ya jimbo iliyochorwa kwa faida ya chama hicho, na zile wikiendi za kushikana mikono haziwaokoi kama upepo wa nchi nzima umegeuka.