Je, wajua kwa nini tanga likikazwa sana chombo hupungua mwendo?

Mtazame mtu anayeshika demani, kamba ya kukazia na kulegezea tanga, kwa mara ya kwanza. Upepo unatoka ubavuni, tanga linapepea kidogo kwenye ukingo wa mbele, naye anadhani huo ni upepo unaopotea bure. Anavuta kamba. Tanga linanyamaza. Anavuta tena, linakaza kama ngozi ya ngoma, chombo kinalala ubavu, na yeye anatabasamu maana anaona kinakimbia. Lakini tupa jicho nyuma ya tezi, mwisho wa nyuma wa chombo: povu lililokuwa likiachwa mbali sasa linazungukazunguka pale pale. Mwambie aachie demani shubiri mbili tu, uone chombo kinavyoinuka na kuchomoka.

Sababu ni kwamba tanga si mfuko wa kukusanyia upepo. Upepo ukitoka nyuma kabisa, sawa, linasukumwa tu. Ukitoka ubavuni au upande wa mbele, tanga hufanya kazi ya bawa la ndege lililosimamishwa wima. Hewa inagawanyika kwenye ukingo wa mbele. Ile inayopita upande uliobinuka huongeza kasi na kanieneo yake hushuka, kwa hiyo tanga linavutwa kuelekea upande huo: kidogo mbele, na zaidi pembeni. Mkuku, ule ubao mrefu wa chini ya chombo, unakizuia kisiende pembeni, na kinachobaki ni kwenda mbele. Ndiyo maana chombo kinaweza hata kuupita upepo wenyewe. Mwaka 2012, kwenye ghuba ya Walvis Bay nchini Namibia, Paul Larsen aliendesha chombo cha tanga kiitwacho Vestas Sailrocket 2 kwa wastani wa noti 65.45 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) katika mita 500, kwa upepo usiofika nusu ya kasi hiyo. Kwa kusukumwa tu, jambo hilo lisingewezekana.

Sasa, bawa lina sharti moja: hewa ya upande uliobinuka lazima iambatane na kitambaa mpaka mwisho. Ukikaza demani kupita kiasi, hewa inashindwa kuufuata mbinuko, inabanduka na kugeuka vizingia. Nguvu ya kwenda mbele inakatika, ya kulaza chombo inabaki. Kibaya zaidi, kosa la kulegeza lina sauti, maana tanga hupigapiga na kila mtu anasikia. Kosa la kukaza liko kimya, tena linapendeza macho. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloiba mwendo kuliko mengine yote.

Kipimo chake ni rahisi: legeza mpaka ukingo wa mbele uanze kutetema, kisha vuta mpaka utulie, basi, usiongeze. Rudia kila baada ya muda mfupi. Wenye mashindano hubandika vipande vya uzi wa sufu pande zote mbili za tanga, karibu na ukingo huo. Nyuzi zote mbili zikilala kuelekea nyuma, umepatia. Wa upande uliobinuka ukicheza, umekaza mno. Wa upande wa upepo ukicheza, vuta kidogo.

Kwa nini urudie? Kwa sababu tanga halipigwi na upepo wa mahali pale, bali na upepo uliochanganyika na mwendo wa chombo. Tuseme upepo ni noti 10 kutoka ubavuni kabisa, nawe unakwenda noti 6. Tanga linapigwa na karibu noti 12, tena kutoka digrii 60 hivi za omo, sehemu ya mbele ya chombo, badala ya 90. Chombo kikiongeza mwendo, upepo unasogea mbele zaidi, na demani uliyoilegeza vizuri dakika moja iliyopita inataka kuvutwa tena.

Kuchagua tanga nako kunafuata mantiki hiyo. Nyosha uzi kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, upime tumbo la tanga. Kwa uzi wa mita 3, tumbo la sentimita 30 ni tanga bapa, la sentimita 45 ni la kina. La kina lina nguvu kwenye upepo mdogo na mawimbi yanayogonga. Upepo ukizidi, chukua bapa. Kitambaa kikichoka huvutika, tumbo likahamia nyuma, na hapo tanga huburuta badala ya kuvuta. Kukaza henza, kamba ya kutwekea, hulirudisha mbele kidogo, ila kitambaa kilichokufa hakifufuki. Ukiwa nalo la namna hiyo, jipya la ukubwa ule ule litakusaidia kuliko kuukuu lililo kubwa zaidi.

Ukubwa wenyewe una mpaka. Upepo ukipanda kutoka noti 10 hadi 20, nguvu kwenye tanga huwa mara 4. Chombo kikilala mno, usukani unashikiliwa kwa pembe ili kisigeuke, na usukani wa pembe ni breki. Punguza tanga, chombo kisimame, na mara nyingi hupotezi mwendo wowote.

Upepo wa nyuma una hesabu tofauti. Upepo wa noti 10, chombo noti 5, tanga linapata noti 5 tu, yaani robo ya nguvu ya upepo kamili. Hapo ndipo matanga makubwa mepesi yenye umbo la puto yanapotwekwa. Nyuzi za sufu zinaning'inia, hazina la kusema. Kwa vyombo vyepesi, manahodha wengi hawakubali kukaa hivyo: huelekeza omo pembeni kidogo, wakaenda kwa kupindapinda. Njia inarefuka, lakini nyuzi zinalala tena kuelekea nyuma, tanga linarudi kuwa bawa, na mara nyingi hao ndio hutangulia kufika.